Kaya Tisa za Rwenkende

Mvua iliyomponza Jovitha ilinyesha siku nne mfululizo, mwezi wa nne, miaka miwili kabla ya siku hii ninayotaka kuisimulia. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, na mhadhiri wake, Dokta Rwezaura, alikuwa amemchukua awe mtafiti msaidizi katika utafiti wa nishati vijijini. Walitaka kujua watu wa Karagwe na Kyerwa wanapikia nini, mwanga wanaupata wapi, na je, mtu akipewa sola ndogo ya bure, bado atautaka umeme wa nguzo ukimfikia, au atasema hii imetosha. Majibu yangepelekwa kwa wale wanaopanga nguzo ziende upande gani.

Jovitha alichaguliwa kwa sababu ni mzaliwa wa Bweranyange. Kinyambo anakisema bila kufikiri, na nyumba za watu anajua kuziingia. Kati ya kaya mia nne za utafiti, yeye alipewa sitini. Akamaliza hamsini na moja vizuri kabisa, kwa miguu na kwa bodaboda, akikaa kwenye vigoda vya jikoni na kuuliza maswali yote sabini na mawili bila kuruka hata moja.

Zilibaki tisa, zote za kitongoji kimoja kiitwacho Rwenkende, kata ya Nyakatuntu. Ndipo mvua ikaanza. Barabara ikawa tope la kuzamisha pikipiki, na daraja la magogo likachukuliwa na maji. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akimzungusha akasema, "Dada, huko siendi hata ukinipa pikipiki yenyewe." Siku ya pili Jovitha akashikwa na malaria. Akalala kwenye gesti moja pale Rubwera, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, huku simu ikilia: Dokta anauliza lini data zitakamilika, maana Ijumaa ndiyo mwisho.

Majina tisa alikuwa nayo. Mwenyekiti wa kitongoji, Polikarpi, alikuwa amemsomea kwa simu kutoka kwenye daftari la vyandarua. Alhamisi jioni Jovitha akakaa kitandani, akawasha kishikwambi, akaanza kujaza.

Hakuandika ovyo. Hilo ndilo alilojitetea nalo moyoni baadaye. Alichukua jiko la mama yake, mama Eugenia, akaligawa vipandevipande kwa kaya zile tisa. Mama yake ni mjane. Kwa kuwa majina mengi kwenye orodha yalikuwa ya wanawake, akaandika sita kati yao ni wajane, na kwamba sola ndogo itawatosha. Mama yake anaishi na mtu mmoja tu; akaandika watu wawili, watu wawili. Mmoja alimpa ng'ombe wawili kama wa mjomba. Mwingine akampa jiko la mkaa. Palipotakiwa maelezo ya mhojiwa kwa maneno yake mwenyewe, kwa mwanamke aitwaye Kantengwa aliandika sentensi ambayo mama yake hupenda kuisema akifikicha macho: "Moshi umenizoea, mimi ndiye sijauzoea." Mahali pa kuonyesha kaya ilipo kwenye ramani, aliandika kwamba mtandao haukupatikana. Kisha akabonyeza kutuma, akalala.

Alijiambia atarudi jua likitoka akahakikishe. Hakurudi.

*

Sasa alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na tasnifu yake ilisimama juu ya data zile zile. Dokta Rwezaura alikuwa amemtuma awamu ya pili, kuangalia nini kimebadilika katika kaya zilizopewa sola. Kishikwambi kilimwonyesha jibu la zamani pembeni ya kila swali, ili tofauti ionekane papo hapo.

Rwenkende aliiacha mwisho. Njia nzima, akiwa nyuma ya pikipiki, alikuwa anapanga uongo wa pili: atajaza ukweli wa leo, na panapotofautiana ataandika kwamba hali ya kaya imebadilika. Watu hufa, huzaliwa, huuza ng'ombe. Nani atauliza?

Ilikuwa mwezi wa sita, kahawa inaiva, na kila uwanja umetandazwa mikeka ya kahawa nyekundu. Polikarpi, mtu mfupi mwenye koti la suti na ndala, alikuwa anamsubiri penye njia panda.

"Karibu tena, mwalimu," alisema, akimpa mkono. "Karibu tena Rwenkende."

Lile neno "tena" lilimchoma Jovitha kama mwiba. Akamtazama usoni kuona kama anamdhihaki. Polikarpi alikuwa mkunjufu, hana habari, au anajifanya hana habari.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kantengwa. Ilikuwa ya matofali mabichi, bati limeanza kushika kutu, na juu yake paneli ndogo ya sola inang'aa. Kantengwa mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwembamba, kitenge kimekazwa vizuri, ameketi nje kama mtu aliyejiandaa kupigwa picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa tangu ulipokuja mara ile."

Jovitha akaketi, akafungua kishikwambi.

"Mama, nitakuuliza maswali. Mengine utaona kama uliwahi kuulizwa."

"Uliza tu."

"Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni mimi. Mimi ni mjane."

Jovitha akatazama kioo. Jibu la zamani: mjane. Akapumua. Kumbe alibahatisha.

"Mnaishi wangapi hapa?"

"Wawili. Mimi na mjukuu."

Jibu la zamani: wawili.

"Mnapikia nini?"

"Kuni. Siku nyingine mabua. Jiko ni la mafiga matatu, liko nje ya nyumba kubwa, halina dirisha."

Jovitha akaacha kuandika. Alikuwa ameandika hivyo hivyo, neno kwa neno, mpaka lile la dirisha. Akasema moyoni kwamba majiko ya Wanyambo yote yanafanana. Akaendelea. Kila swali lilijibiwa vilevile: mara ngapi kwa wiki huenda kutafuta kuni, mara tatu, nani huenda, mimi mwenyewe, simu unachajia wapi, kwa jirani, dukani. Hili la mwisho lilimshtua, kwa sababu juu ya kichwa cha mama huyu, kwenye boriti, simu ilikuwa inaning'inia ikichajiwa kwa sola.

"Mama, simu ile si inachajiwa hapa?"

Kantengwa alitazama juu, kisha akamtazama Polikarpi kwa haraka, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo halikufundishwa.

"Kwa jirani, dukani," alirudia.

"Haya. La mwisho. Kwa maneno yako mwenyewe, mama, unaonaje habari ya kupika na moshi?"

Kantengwa alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani:

"Moshi umenizoea, mimi ndiye sijauzoea."

Ile ilikuwa sentensi ya mama yake. Hakuna kitabu kilichokuwa nayo. Ilitoka kinywani mwa mama Eugenia jikoni kwake Bweranyange, ikapita katika homa ya binti yake kule gesti, na sasa ilikuwa inatoka kwa mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

"Nani amekufundisha maneno hayo?" Jovitha aliuliza.

"Ni yangu," alisema Kantengwa. "Niliyasema kwako."

Hapo nyuma ya nyumba, kwenye kibanja cha migomba, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, kinachotoka chini ya mbavu.

"Ni jirani," alisema Polikarpi upesi.

"Ndiyo, jirani," alisema Kantengwa.

Jovitha akasimama. "Naomba kwenda chooni, mama."

Wote wawili wakasimama pamoja naye. Lakini mgeni hanyimwi choo, na Jovitha hakusubiri kuonyeshwa. Alizunguka nyumba, akapita jiko, akaingia kwenye migomba.

Hatua kama ishirini, kati ya mashina ya mibuni, mzee alikuwa amekaa juu ya majani makavu ya mgomba. Alikuwa amevaa koti zito, blanketi limezungushwa miguuni, fimbo pembeni. Mbele yake palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa jani na kopo la maji. Mtu yeyote angeona kwamba hapiti njia. Ametayarishwa kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ni wa hapa?"

"Hapana. Napita."

Kikohozi kikamshika tena. Jovitha akachuchumaa, akamshikia kopo mpaka kilipotulia. Mzee akafuta mdomo kwa upindo wa blanketi.

"Umemaliza kuuliza?" alisema. "Mkimaliza mapema, narudi kulala kitandani. Ardhi hii ina baridi."

"Mzee, wewe ni nani kwa mama Kantengwa?"

Mzee alimtazama muda mrefu.

"Kwenye karatasi, au hapa?"

Jovitha akakiweka kopo chini.

"Hapa mimi ni mume wake, miaka thelathini na minane. Naitwa Niyonkuru. Kwenye karatasi mimi ni marehemu."

Kantengwa alikuwa amefika, anahema. "Usimsikilize, mwanangu! Ni jirani, kichwa chake hakiko sawa, anapenda kuja hapa kukaa..."

"Kantengwa," mzee alisema taratibu, "acha. Nimechoka kufa."

*

Polikarpi ndiye aliyekwenda nyumbani kwake kuleta karatasi. Alikuwa ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Kabla sola hazijagawiwa, mradi ulikuwa umemtumia muhtasari uliochapwa, ili ajue kaya zipi zimechaguliwa na kwa majibu yapi. Jovitha aliisoma akiwa amekaa chini, mgongo umeegemea mgomba. Kaya tisa, mafungu tisa, hadi maneno ya mama yake. Homa yake yote ilikuwa pale, imechapwa kwa wino mweusi.

"Niliwasomea mkutanoni," alisema Polikarpi. "Watu wakashangaa. Cleophace kaandikwa ana ng'ombe wawili, na hana hata kuku. Benadeta kaandikwa anapikia mkaa. Tukasema, basi, haya ndiyo yaliyoko juu. Kisha nikaitwa semina Rubwera. Yule afisa wa mradi akasema, ukaguzi utakuja, na kaya ambayo taarifa zake hazitalingana na za mwanzo itaondolewa. Niliyasikia kwa masikio yangu. Itaondolewa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tukalinganisha. Ukaguzi ukija, Cleophace anafungiwa ng'ombe wa shemeji yake. Benadeta anatoa jiko la mkaa mlangoni. Na huyu..." Akamwonyesha Niyonkuru kwa kidevu, hakumalizia.

"Mara ngapi?" Jovitha aliuliza.

"Leo ya tatu," alisema mzee. "Ya kwanza haikuwa mbaya, ilikuwa kiangazi. Ya pili ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Wakaguzi walifika saa mbili asubuhi. Mvua ikawakuta, wakasubiri ikatike. Wakala kwa mwenyekiti. Wakaondoka saa kumi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

Kantengwa alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Nilimwekea mfuko wa mbolea kichwani," alisema. "Ningefanya nini? Wamekaa mlangoni kwangu. Jioni hakuweza kusimama. Tukampeleka kituo cha afya, wakasema ni mapafu. Wakauliza, wewe mama ni nani wake? Nikasema ni jirani."

"Mama! Hospitali pia?"

"Karatasi zinakutana, mwanangu. Sisi wazazi wetu walitoka ng'ambo ya mpaka. Tunajua jinsi karatasi moja inavyoweza kwenda kuiamsha nyingine. Alilala kule siku tisa. Nilikuwa nampelekea uji kama jirani."

Kwa muda mrefu Jovitha alikuwa ameibeba siri yake kama dhambi ndogo ya mwanafunzi, kitu cha kufuta kimyakimya. Hakuwahi kufikiri kwamba mahali fulani, siku zile alizokuwa maktaba anapanga majedwali, kuna mtu alikuwa anakaa mvuani ili jedwali lake lisiharibike.

"Kwa nini hamkusema?" alisema. "Kwa nini hamkusema tu kwamba ni makosa, kwamba hakuna mtu aliyekuja kuwauliza?"

Kantengwa alimtazama kama vile swali lenyewe ni la ajabu.

"Tulijua hakuna aliyekuja. Tulidhani ndivyo mnavyofanya. Nyinyi mnaandika kwanza, halafu sisi tunafuata."

"Lakini ulisema unanikumbuka. Ulisema nimenenepa."

"Karatasi inasema ulikuja."

Jovitha akaeleza yote, hapo hapo chini. Mvua, daraja, homa, gesti, Ijumaa. Alitaja jina la mama yake na jiko la mama yake. Alipomaliza, hakuna aliyemfuta machozi, na alishukuru kwamba hakuna aliyejaribu. Polikarpi aliikunja karatasi yake polepole, kwa mikunjo ile ile ya zamani, akairudisha mfukoni, akatazama pembeni.

"Mimi nimeidanganya wilaya nzima kwa ajili yako," alisema. "Mtu mzima kama mimi, nafunga ng'ombe wa watu." Akaondoka bila kuaga.

Kantengwa yeye hakukasirika. Hofu ndiyo iliyomshika. Alimshika Jovitha mkono kwa nguvu.

"Usiseme, binti yangu. Nakuomba. Ukisema watachukua taa. Mjukuu anaisomea, na mimi usiku naona anavyopumua huyu. Acha iwe hivyo hivyo. Andika mjane. Mimi sijali."

"Mimi najali," alisema mzee Niyonkuru. "Andika kwamba nipo."

"Unataka tukae gizani?"

"Nataka nikae kwenye kiti changu mlangoni pangu, wageni wakija niwaambie karibuni."

Wakatazamana, mume na mke, juu ya kichwa cha Jovitha aliyekuwa bado amekaa chini. Ilikuwa wazi kwamba ugomvi huu haukuanza leo.

*

Mtandao unashika vizuri juu ya kilima, karibu na kanisa la kigango. Jovitha alipanda huko peke yake, akampigia Dokta Rwezaura. Alieleza bila kujipamba. Alipofika mwisho, alisikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Dokta?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Jovitha, unajua kaya ngapi zinazoongozwa na wajane zilikuwa katika utafiti mzima?"

"Thelathini na moja."

"Na wewe umeniambia sita hazipo. Jedwali lile nimelisoma mbele ya watu wa sera. Nimesimama nikawaambia wajane wenye kaya ndogo wanaridhika na sola, hawana haraka ya nguzo. Wakaandika. Nimewaambia maneno yako wewe."

"Ndiyo, Dokta."

"Ulikuwa mgonjwa. Kwa nini hukuniambia unaumwa? Ningekupa wiki. Ningekupa wiki mbili!"

Siku ile, katika mablanketi yale, Ijumaa ilionekana kama ukuta usio na mlango. Leo alishindwa hata kukumbuka alikuwa anamwogopa nani.

"Dokta, kuna jambo moja. Watu hawa wanaogopa sola zitachukuliwa. Naomba, adhabu iwe kwangu, vifaa wasinyang'anywe."

"Vichukuliwe na nani?"

"Na mradi. Taarifa zisipolingana, kaya inaondolewa."

"Inaondolewa kwenye kanzidata!" Dokta karibu apige kelele. "Kwenye hesabu za kompyuta, Jovitha. Sola zilikuwa zao tangu siku ya kwanza. Hakuna mahali palipoandikwa zitarudi. Hatuna hata gari la kuzibeba. Wale wakaguzi walikuja kuangalia kama balbu zinawaka, basi. Nani aliwaambia watu habari za kunyang'anywa?"

Jovitha alishusha simu sikioni. Chini yake aliona bati la Kantengwa, na zile nyumba nyingine nane, na migomba imefunika kila kitu. Hakuna aliyewaambia. Afisa mmoja alitumia neno la ofisini, mwenyekiti akalisikia kwa sikio la kijijini, na mzee wa watu akapelekwa mvuani. Mwanzo wa yote alikuwa yeye, lakini hata yeye hakuwa amefikiria kwamba kitu kikubwa namna ile kingeweza kusimama juu ya kitu ambacho hakikuwepo kabisa.

Alishuka. Aliwakuta wamekaa mbele ya nyumba, mzee sasa yuko kwenye kiti chake. Akawaambia.

Mzee Niyonkuru alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akapigwapigwa mgongoni, akaanza kucheka tena. "Sikia, Kantengwa! Hawana gari!"

Kantengwa hakucheka. Alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, macho kwenye mkeka wa kahawa.

"Kwa hiyo siku ile ya mvua," alisema.

Mzee akaacha kucheka.

"Siku ile ya mvua ningeweza kumwambia aingie ndani tu."

"Ndiyo, mama," alisema Jovitha.

"Wangeangalia taa, wakaenda zao."

"Ndiyo."

"Na kule kituo cha afya."

Jovitha hakuweza kuitikia tena. Kantengwa alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na hofu usoni mwake. Kilichokuwepo Jovitha hakutaka kukitazama. Mama yule akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Walisikia komeo likipita. Mumewe aliita jina lake mara mbili, kisha akaacha.

"Nenda, binti," alimwambia Jovitha. "Leo nenda."

*

Kesho yake jioni, Polikarpi aliitisha mkutano wa kaya zile tisa. Jovitha alisimama mbele yao akasema aliyoyasema. Cleophace aliuliza kama sasa anaweza kuacha kumwomba shemeji yake ng'ombe, watu wakacheka kidogo. Lakini Benadeta alisimama akamwambia Jovitha kwa Kinyambo maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wa mwenzake, na hakuna aliyemkataza. Kantengwa hakuja.

Chuoni kulikuwa na barua, kisha kikao, kisha barua nyingine. Jovitha alisimamishwa masomo mwaka mzima na tasnifu yake ikafutwa. Dokta Rwezaura aliandika kwa watu wale wa sera kwamba jedwali la wajane liondolewe, na akaeleza kwa nini. Kwa hilo alipata fedheha yake mwenyewe, na Jovitha alijua. Kazi ya Rwenkende ikapewa mwanafunzi mwingine, Deodatha, ambaye alikwenda wakati wa jua na kukaa siku tano. Mzee Niyonkuru alijibu maswali yote sabini na mawili kwenye kiti chake, na mengine akayajibu mara mbili. Alisema nguzo anazitaka, tena anazitaka sana. Mkewe alipofikiwa alisema hana la kusema. Kwenye dodoso kuna sehemu ya jibu hilo, na Deodatha akaijaza.

Jovitha alirudi Bweranyange kwa mama yake. Mwezi wa nane alikwenda Rwenkende, na mlango wa Kantengwa ulikuwa umefungwa, ingawa moshi ulionekana jikoni. Mwezi wa tisa akaenda tena. Mzee alikuwa kliniki na mjukuu yuko shuleni. Kantengwa alikuwa kibanjani peke yake, anapalilia maharage kati ya migomba, na alipomwona hakusimama.

"Shikamoo mama."

Aliendelea na tuta lake hadi mwisho. Kisha akaitikia, kwa sauti ndogo, marahaba. Hakumkaribisha na hakumfukuza. Jembe la pili lilikuwa limelazwa penye shina la mgomba. Jovitha alisubiri aambiwe neno, hakuambiwa. Mwishowe akavua viatu, akalichukua lile jembe, akaanza tuta la pembeni, na wakapalilia bila kuongea hadi jua lilipokuwa kali.